Mke wangu mstaafu amekolea koktaili za Capri Point, nifanyeje?

Bibi Zamu, salaam.

Nilitaka kukuamkia, lakini nikisoma majibu yako naona sisi ni rika moja, kwa hiyo tupeane mikono tu yaishe.

Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 66, mkazi wa Kitangiri hapa Mwanza, kwenye zile nyumba za juu ya mawe ambazo kuufikia mlango lazima upande ngazi. Naishi na mama watoto. Yeye alikuwa karani serikalini, akastaafu kwa mujibu wa sheria alipotimiza miaka 60, sasa ana 63. Watoto wanajitegemea. Tulikuwa tumetulia.

Binti yetu anayefanya kazi Dar alikuja likizo, akatupeleka hoteli moja ya ufukweni upande wa Capri Point, eti wazazi nao wale raha. Mimi niliagiza Safari yangu, ya moto, kama siku zote. Mama watoto, ambaye maisha yake yote ni mtu wa soda na kimvinyo kitamu cha Krismasi, akaletewa orodha ya vinywaji yenye picha. Akachagua kwa picha. Ikaja glasi ndefu ya kijani, majani ya nanaa juu, vipande vya ndimu, mrija, na kimwavuli cha karatasi. Akavuta mara moja, akafumba macho, akasema, "Kumbe dunia ilikuwa huku."

Tangu hapo kila Jumamosi jioni anatoka na wenzake wa kikundi cha kuweka na kukopa. Wote ni mabibi. Wanavaa, wanajipulizia manukato, wanajaza bajaji moja wanakwenda kunywa koktaili. Saa tatu usiku nawasikia kwenye ngazi wanacheka mpaka majirani wanafungua madirisha. Wiki iliyopita alikunywa kitu kinaitwa Long Island Iced Tea. Akaniapia kwamba ni chai ya barafu. Sasa mimi nauliza, chai gani inamfanya bibi wa watu avue viatu ngazini na kuanzisha pambio saa tatu usiku?

Mjukuu akampiga picha na kimwavuli chake, akaiweka kwenye status. Mzee wa kanisa akaiona kabla yangu.

Nimemwambia mambo hayo ni ya vijana. Ananijibu kwamba mimi nina kijiwe changu Kirumba kila jioni na hajawahi kuniuliza nimekunywa nini. Ni kweli, lakini kijiwe chetu ni cha wazee watulivu. Tunakunywa bia zetu tatu, nne siku yenye ofa, tunazozana kidogo kuhusu Simba na Yanga, kila mtu anarudi kwake. Bia ni bia, haina mwavuli. Na kidonge cha presha nakimeza kila asubuhi bila kukosa, hivyo kwa upande wangu sina wasiwasi. Labda goti tu, nalo nina diklofenaki ya kulituliza. Mwenye tatizo ni yeye, kwa sababu ana sukari na ameandikiwa metformini na glibenklamidi.

Juu ya hayo, binti anasema pombe ya jini ikichanganywa na soda ya toniki ni kinga ya malaria, na rafiki mmoja wa mama watoto anasema mvinyo mwekundu ni dawa ya moyo. Sasa naona nyumba nzima imekuwa famasi.

Bibi Zamu, koktaili zinawafaa watu wa umri wetu? Nimzuie, au ndiyo nimepitwa na wakati?

Mstaafu wa Kitangiri

*

Mwalimu, mkono nimeupokea. Rika ni moja kweli, hata goti ni la upande mmoja.

Barua yako umeiandika kumshtaki mama watoto, lakini mimi nimeisoma na kalamu nyekundu mkononi, kazi unayoijua mwenyewe. Alama ya kwanza nimeiweka kwenye bia zako.

Chupa ya Safari ina mililita 500, kilevi asilimia 5.5. Ndani yake kuna mililita 27.5 za kilevi chenyewe. Ile glasi ya kijani yenye nanaa, kwa jinsi ulivyoieleza, ni mojito, kinywaji kilichotoka Kuba: ramu nyeupe, ndimu, sukari, nanaa na maji ya gesi. Kipimo chake cha kawaida ni mililita 45 za ramu. Ramu ikiwa ya asilimia 40, hapo kuna mililita 18 za kilevi. Kwa hiyo yule bibi mwenye kimwavuli amekunywa kidogo kuliko wewe uliyemaliza chupa moja ya kiutu uzima. Naye anakunywa Jumamosi. Wewe unakunywa tatu kila jioni, Jumamosi ikiwemo. Tatu mara saba ni chupa 21, yaani mililita 577 na ushee za kilevi kwa wiki. Waingereza, ambao hakuna anayewatuhumu kuichukia bia, mwaka 2016 walishauriwa na waganga wakuu wao wasizidi yuniti 14 kwa wiki. Yuniti moja kwao ni mililita 10 za kilevi, kwa hiyo jumla ni 140. Umewapita mara nne, na hapo ofa sijaziweka.

Kipimo hicho ni cha watu wazima wote, pamoja na vijana wenye maini mapya. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara yoyote kwa afya. Sikwambii haya ili umwage kreti. Nakwambia ili ujue kwamba kwenye nyumba yenu aliyeanza si yeye.

Kwenye hiyo chai, hata hivyo, una haki. Long Island Iced Tea haina hata jani moja la chai. Ni vodka, jini, ramu, tekila na likeri ya machungwa, vyote vitano kwenye glasi moja, halafu ndimu, kisha kola kidogo ili ipate rangi ya chai ya rangi. Wahudumu wanaofuata kipimo wanaweka mililita 15 za kila kimoja, jumla 75, ambazo kilevi chake kinakaribia mililita 30. Hiyo tayari ni zaidi ya Safari moja. Kijana wa kaunta anayemimina kwa jicho, anayetaka mabibi wafurahi warudi wiki ijayo, anaweza kuizidisha mara mbili bila kukusudia ubaya wowote. Na kwa sababu ni tamu, ni ya baridi na inapita kwenye mrija, inaisha kabla sato hajafika mezani. Hatari ya koktaili kwa mtu mgeni nayo iko hapo, kwenye utamu unaoficha. Bia chungu inakutangazia kila unapomeza. Pambio la ngazini limetoka huko, na ningeshangaa lisingetoka.

Sasa kwa nini wewe na mimi tusijipime kwa ujana wetu? Kadiri mtu anavyozeeka, mwili unapunguza misuli na maji. Pombe inasambaa kwenye maji ya mwili. Maji yakipungua, kiasi kilekile kinakuwa kikali zaidi kwenye damu, ni chumvi ileile kwenye sufuria dogo. Wanawake wana maji machache mwilini kuliko wanaume hata wakiwa na uzito sawa, kwa hiyo kwao inapanda haraka zaidi. Mtu anakwambia "mimi pombe hizi nazijua tangu mwaka 1980". Anazijua, ila mwili wa mwaka 1980 hanao tena.

Nije kwenye jambo lililonifanya nikujibu wewe kabla ya barua nyingine: sukari ya mama watoto. Hapa naomba usome taratibu, na umsomee naye.

Ini ndilo linaloachia sukari kwenye damu mtu anapokuwa hajala. Pombe ikiingia, ini linashughulika nayo na kazi ile ya kutengeneza sukari inazorota. Glibenklamidi nayo inasukuma kongosho litoe insulini, inashusha sukari. Vikikutana viwili hivi kwenye tumbo lisilo na chakula, sukari inaweza kushuka vibaya, na si lazima iwe palepale mezani. Koktaili ina sharubati, kwa hiyo kwanza sukari inapanda, kila mtu anaona mambo safi. Mshuko unaweza kuja saa kadhaa baadaye, usiku wa manane, amelala pembeni yako. Metformini peke yake si kawaida kuishusha namna hiyo, ila kwa mnywaji wa kupindukia ina hatari yake nyingine ya kujaza asidi kwenye damu.

Nimefanya uuguzi wa zamu za usiku, na kinachoniumiza ni hiki: mtu ambaye sukari imemshuka anafanana kabisa na mlevi. Anatoka jasho jembamba, anatetemeka, maneno yanapinda, anakuwa mkali au anasinzia. Akiwa amenuka pombe, watu wanasema "mwacheni alale, kalewa". Wanamwacha. Kwa hiyo wale mabibi wa bajaji wote waijue hali yake. Akianza kutoka jasho na kuchanganyikiwa, apewe soda ya kawaida yenye sukari au sukari kwenye maji, upesi, kama anaweza kumeza. Kama hajitambui, msimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Na sheria ya kwanza ya Jumamosi kwake ni kula kwanza: ugali na samaki, au ndizi, chakula chenyewe, siyo karanga za kaunta. Kama kipimo cha kidole kipo nyumbani, apime kabla ya kulala.

Turudi kwako mwenye "sina wasiwasi". Vidonge vingi vya presha, na bia pia, vinalegeza mishipa. Ukisimama ghafla, damu inachelewa kufika kichwani, kizunguzungu kinakushika. Mtu wa tambarare ataangukia kiti. Wewe unakaa Kitangiri kwenye mawe. Isitoshe bia tatu zinataka kutoka, na wanaume wa umri wako wana tezi dume ya kuwaamsha hata bila bia, kwa hiyo usiku unanyanyuka gizani, mara mbili, mara tatu. Nyonga ikivunjika kwenye umri huu kupona ni kazi ndefu, na wengine hawarudi kutembea walivyokuwa wakitembea. Weka taa kwenye ngazi na kwenye njia ya choo wiki hii, uwe umepunguza bia au hujapunguza. Halafu kuna jambo linalokera: unywaji mwingi wa kila siku wenyewe unapandisha presha, kwa hiyo asubuhi unameza kidonge na jioni unakiwekea mpinzani.

Diklofenaki na pombe ndizo zinanitia hofu kuliko mwavuli wowote. Zote mbili zinauchubua ukuta wa tumbo. Choo kikiwa cheusi na kinata, usingoje kesho. Na diklofenaki kwa mwenye presha inahitaji daktari ajue unaitumia, maana nayo inaweza kuipandisha. Wengi mnainunua tu duka la dawa na kuimeza kienyeji.

Toniki na malaria: binti yako amesikia nusu ya hadithi. Ni kweli Waingereza waliokuwa India walichanganya kwinini, dawa chungu itokayo kwenye gome la mti wa sinkona, na maji, sukari na jini ili imezeke. Lakini toniki ya leo ina kwinini ya kutia uchungu tu. Marekani sheria hairuhusu izidi miligramu 83 kwa lita. Mgonjwa wa malaria aliyetibiwa kwa kwinini alikuwa akipewa kama miligramu 1,800 kwa siku, yaani angehitaji zaidi ya lita 20 za toniki kila siku. Tumbo lingepasuka kabla mbu hajajuta. Kanda ya Ziwa kinga ni chandarua, na homa ikija ni kupima kisha dawa mseto.

Mvinyo mwekundu na moyo nao uishe hapa. Tafiti za zamani ziliwakuta wanywaji wa kiasi wana mioyo mizuri kuliko wasiokunywa, lakini miongoni mwa hao wasiokunywa walikuwamo watu waliokuwa wameacha kwa sababu tayari ni wagonjwa. Hesabu iliharibikia hapo. Siku hizi madaktari hawamshauri mtu aanze kunywa kwa ajili ya moyo.

Kuhusu kijiwe chako. Nawajua wazee wa Kirumba, mume wangu marehemu alikuwa mmoja wao. Tatizo la kijiwe ni ofa. Mtu mmoja kauza kiwanja au mwanawe katuma pesa, anazungusha raundi, na kabla hujamaliza ya kwanza mbele yako zimesimama mbili. Ukikataa unaonekana unaringa. Dawa yake ni kumshika mkono dada wa kaunta kabla hajafungua. Bia isiyofunguliwa inaweza kubaki kaunta kwa jina lako mpaka kesho, na heshima ya mtoa ofa inabaki palepale. Katikati weka chupa ya Kilimanjaro, ile ya maji. Anza na hilo, halafu siku mbili tatu za wiki nenda kijiweni unywe chai ya tangawizi. Watakutania siku ya kwanza, ya pili watakuwa wameshahamia kwenye penalti ya Simba.

Lakini mwalimu, tuseme ukweli kati yetu watu wazima. Umeandika ukurasa mzima kuhusu mwavuli, na sijaona mahali umesema ulimwomba kwenda naye. Mwanamke aliyekaa ofisini miaka yote hiyo, akapika, akalea, akakusubiri urudi kutoka Kirumba, amepata saa tatu za kucheka na wenzake akitazama ziwa. Upweke wa wastaafu ni ugonjwa nao, na kikundi chake kinamtibu kuliko unavyodhani. Usimzuie kwenda. Mwombe apunguze kilichomo kwenye glasi. Glasi moja yenye kilevi, hafifu, baada ya chakula, basi. Nayo iwe baada ya kuongea na watu wa kliniki yake, na wakisema hapana iwe hapana. Long Island aiache kabisa. Zinazofuata ziwe bila kilevi na bila sharubati, na kimwavuli aendelee kukidai, ni haki yake aliyoilipia.

Mwambie amwelekeze kijana wa kaunta hivi: tangawizi mbichi iliyopondwa, majani ya nanaa yakandwe kidogo kwa kijiko, ndimu nzima ikamuliwe, ukwaju vijiko viwili bila sukari, barafu mpaka juu, kisha maji ya gesi. Inawasha koo kidogo, kwa hiyo hainywewi kwa pupa. Nimewapa wageni wangu Nyegezi na mmoja aliniuliza nimetia Konyagi ya aina gani. Wakiamua siku moja kuchanganyia nyumbani zenye kilevi, wanunue chupa iliyofungwa yenye stempu ya kodi. Vya kupima kwenye chupa za maji wasiguse, kwa sababu gongo na pombe bandia zinaweza kuwa na methanoli, nayo inapofusha na kuua.

Mzee wa kanisa namwachia mchungaji. Mjukuu naye aambiwe kwamba picha ya bibi inaombewa ruhusa kwa bibi.

Jumatatu asubuhi chukueni mfuko mmoja, tieni vidonge vyote vya nyumba hiyo, vyako na vyake, pamoja na diklofenaki uliyonunua mwenyewe, mwende kliniki wote wawili. Usiache bia zote kwa mkupuo kabla ya kuonana na daktari. Kama kuna asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate ya kuzimua, mwambie hilo waziwazi, kwa kuwa kuacha ghafla kwa mtu wa namna hiyo kuna hatari na kuna namna ya kusaidiwa. Akikuuliza unakunywa kiasi gani, usimjibu "kawaida tu". Sema chupa 21 kwa wiki, na uiseme mama watoto akiwa amekaa kiti cha pili.

Bibi Zamu